Chungu cha Mama Ladu

Mama mwenye binti aliyeolewa mbali asicheke mpaka amalize habari hii. Marcelline naye alikuwa akiwacheka wenzake.

Mwaka wa sabini na sita Léontine, binti yake wa pekee, alijifungua huko Koboko kwa mume wake Ladu, na damu ikamtoka siku tatu, karibu afe. Habari ilifika Arua kwa mdomo wa dereva wa lori. Tangu hapo Marcelline hakulala vizuri. Mtoto huyo alimbeba mgongoni alipovuka kutoka Kongo. Sasa yuko kwa watu wa msikiti, hana ndugu hata mmoja wa kumsemea. Marcelline aliomba jambo moja tu: wampende kule, asije akachokwa.

Siku ya ishirini tangu mtoto azaliwe alipata nafasi juu ya lori la mihogo. Kwapani alikuwa na jogoo. Jirani yake Sidonie akamwona.

"Yo! Mama Léontine, unapeleka mufungwa wapi?"

"Ni ya muzazi. Atakunywa supu, apate damu."

"Na nani atachinja? Kule kisu iko ya Waislamu."

"Kisu yangu iko mukononi yangu. Kristo alituweka huru. Mimi si mutumwa wa kisu ya mutu."

Maneno hayo aliyaokota kwa Zéphyrin, kiongozi wa kikundi chao cha maombi, aliyewafundisha hivyo tangu Krismasi. Kabla ya Krismasi, Marcelline alikuwa amekula nyama ya bucha miaka kumi na tano, yote imechinjwa na Waislamu, na hakuwahi kuumwa hata tumbo.

Njia ilikuwa mbaya. Kwenye kila kizuizi cha askari abiria walishuka na mizigo, wakapanda tena. Alasiri alipofika, miguu ilikuwa imevimba. Alimkuta Léontine ameegemea ukuta, midomo imepauka, mtoto yuko kwenye titi. Hawah, mama yake Ladu, hakuwepo.

"Amekwenda mtoni," Léontine akasema. "Anachota maji ya kunikanda, mara tatu kila siku. Mgongo wake umekwisha, mama."

Marcelline akaitikia tu, kama mtu anayesikia habari ya mvua ya mwaka jana. Akaenda nyuma ya jiko, akakanyaga mabawa ya jogoo, akakata shingo. Halafu akachukua chungu cheusi kilichokuwa juu ya mafiga, akapika.

Hawah alirudi na debe la maji kichwani, amepinda. Alipomwona mgeni, uso ukafunguka.

"Mama Léontine! Karibu, karibu! Leo sisi iko pona."

Akatua debe. Harufu ikamfikia. Akatazama manyoya chini, akatazama chungu.

"Kuku, nani nachinja?"

"Mimi."

Hawah akainama juu ya chungu. "Chungu ya mama yangu," akasema polepole, si kwa hasira. Kisha akapeleka mkono hewani kama anayefukuza nzi. "Haizuru. Nyinyi kula."

Akachemsha mhogo kwenye sufuria ndogo, akaula na chumvi. Ladu aliporudi shambani alitazama mama yake, akatazama mafiga, akala mhogo naye bila kuuliza.

"Mama Ladu," Marcelline akasema, "hii haina sumu. Mungu hakukataza."

"Mimi najua. Wewe naleta na roho muzuri."

Lakini Léontine alikuwa ameshika bakuli tu, mafuta yanaganda juu.

"Kunywa, mutoto wangu. Wewe uko huru."

"Mama, kesho utapanda lori na uhuru wako. Mimi nitabaki hapa." Sauti yake ilikuwa ndogo, sauti ya mtu asiye na damu. "Huyu mama amefua vitambaa vyangu siku ishirini. Hajaniuliza hata mara moja ninasali wapi. Leo mimi ninywe supu, yeye ale mhogo mkavu?"

Akaweka bakuli chini. Supu ikapelekwa kwa jirani Mkristo.

Hapo ndipo uchovu wote wa barabara ulimwangukia Marcelline. Alikuwa amesafiri siku nzima ili mtoto wake apendwe. Kumbe Léontine alikuwa amependwa tayari, na yeye mama ndiye aliyekuja kuchimbachimba pendo hilo kwa kisu.

Asubuhi lori lilipita, hakupanda. Sabuni haikupatikana popote mwaka ule. Alichukua chungu na majivu na mchanga, akasugua mpaka ncha za vidole zikachubuka. Hawah akaja, akasimama juu yake.

"Wacha, dada. Udongo nakunywa supu kwisha."

Marcelline akaacha. Akajitwika debe, akateremka mtoni, akapanda na maji, akateremka tena. Maji ya kwanza akamkandia Léontine. Ya pili alipoyachemsha, akamwita Hawah.

"Kaa, Mama Ladu. Hii ni ya mugongo yako."

"Mimi?" Hawah akacheka, mkono kiunoni. "Kwani mimi nazaa?"

"Umezaa. Umenizalia mutoto wangu mara ya pili."

Hawah akakaa kwenye kigoda, akashusha nguo mabegani. Marcelline akapiga magoti nyuma yake, akatia kitambaa katika maji ya moto. Hakuna aliyemlazimisha. Magoti yalimuuma sana.

Alikaa wiki mbili, akichota. Mwaka uliofuata alileta jogoo hai, miguu imefungwa kwa kamba, akamweka mikononi mwa Hawah. "Muchinje nyinyi," akasema. Walikula wote, sinia moja.

Lakini walipika katika chungu kipya. Kile cha zamani kiko pembeni ya nyumba, kuku wanakunywa maji ndani yake. Hawah hajawahi kukitaja. Kila Marcelline akienda Koboko hupita hapo, na akikuta kimekauka, yeye ndiye hujaza.