Kimulimuli

...na bibi bado hajayapata meno yake, heri asiyapate, heri yawe yamezama kwenye sofa mpaka kesho, maana mama amesema bila bibi picha haipigwi, na picha isipopigwa hakuna flashi, na bila flashi hakuna atakayeona kitu, watamwona mtoto wa miezi kumi aliyevalishwa shati jeupe basi, tulia baba, tulia, najua nimekubana, pua iko nje, unapumua, nasikia pumzi yako shingoni, na mama anasema mbona unamkumbatia mtoto kama mtu anayeficha mwizi, mgeuze aonekane, nami nasema anaona haya, watu wengi, mama anacheka, haya azitoe wapi huyo, na asubuhi nzima kashinda anamvuta Injinia masharubu... Injinia yuko kulia kwangu, mtoto wa shangazi, jasho linamtiririka ndani ya joho, Daktari yuko kushoto, mdogo wangu, na mimi katikati kwenye kiti cha chumba cha kulia kama mtuhumiwa, kwa sababu kwetu anayehitimu lazima apigwe picha na mdogo kuliko wote wa nyumba, eti elimu iambukize kama surua, ndivyo anavyosema mjomba, na mwaka huu wamehitimu wawili kwa mpigo, furaha imefurika mpaka mlangoni, viti vya kuazima vimejaa uani, na mdogo kuliko wote ni wangu, ni huyu, siwezi kusema mchukueni mtoto wa mwingine, hakuna mwingine. Mpiga picha anafuta kioo cha kamera kwa ncha ya shati, anafuta taratibu, afute tu. Mjomba anapaza sauti toka pale dirishani, "Daktari! Hili goti langu linalia kama mlango, nilipake nini?" na Daktari anasema, "Mjomba, mimi ni muuguzi, si fundi wa bawaba, muulize Injinia," na Injinia bila hata kugeuka, "Goti hilo halina matengenezo, ni kubomoa tu tujenge upya," watu hoi, mama anajifuta machozi kwa upindo wa kitenge, na mimi nacheka, nasikia sauti yangu inacheka, sijui imetoka wapi, midomo inacheka na mkono unazidi kumbana mtoto... Mjomba ndiye aliyempa jina. Kimulimuli. Injinia alikuja na simu mpya, akampiga mtoto picha pale koridoni penye giza, na kwenye picha jicho la kulia likatoka jekundu kama macho ya watu wote, la kushoto likatoka jeupe, linang'aa, kama taa ya gari iliyobaki moja, mjomba akasema huyu kazaliwa na umeme wake, waje wakate wakitaka, sisi tuna Kimulimuli, na mimi nilicheka kuliko wote, nikamtumia baba yake kule kiwandani, akasema atawaonyesha wenzake wa zamu, na jina likaganda, hata mama sasa hamwiti jina lake, Kimulimuli kala, Kimulimuli kaota jino, na kila picha tuliifurahia, tuliitafuta ile taa kabisa, lo, tulikuwa tunamgeuza hivi na hivi ili iwake... Asubuhi ndiyo nimejua. Hapana, sijajua, nani kasema nimejua, nilikuwa napiga pasi joho la Daktari, naye anajipaka mafuta huku anaimba, na kuimba kule kukanikumbusha alivyokuwa akikariri wakati wa mitihani, anazunguka kitanda changu mimi nikinyonyesha, anaimba dalili za hatari kama mtoto wa chekechea, macho ya mtoto, moja, kengeza la ghafla, mbili, mboni inayong'aa nyeupe, na mimi nikamwambia wewe utawaua wazazi kwa presha, acha kelele mtoto alale. Basi pasi ikabaki mkononi. Mboni inayong'aa nyeupe. Nusura niliunguze joho la watu. Nikajifungia bafuni na mtoto, nikakaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea, nikazipitia picha zote kwenye simu, za jikoni, za koridoni, za siku ya kliniki, jicho lile lile, kila mara lile lile, wala si bahati mbaya ya mwanga, mwanga gani unaochagua jicho moja miezi yote hii... halafu nikafanya kile ambacho sasa natamani nisingekifanya, nikamziba jicho la kushoto kwa kiganja, akaendelea kuchezea mswaki, hana habari, nikamziba la kulia, akapiga kelele, akanipangua mkono, akanikwaruza, nikarudia, akapiga kelele vile vile, mwanangu anaogopa giza, na lile jicho liko wazi, nami niko mbele yake, uso wangu huu hapa, na kwake ni giza. Nikatoka, nikamalizia kupiga pasi. Mama akaniambia leo sitaki uso wa msiba humu, leo ni siku ya watoto, miaka mingapi tumeingoja, na kweli, mwache Daktari afurahi, hata hajui, tangu mitihani iishe alikuwa kule hospitali ya mafunzo na kisimu chake cha tochi kisichopokea picha, kamwona mtoto jana, kamrusha juu, kambusu, kasema mbona mzito hivi, hakuona, na kama yeye aliyesomea hakuona basi labda hakuna kitu, si ndiyo, labda ni kioo cha simu, labda ni mimi na kichwa changu, niliishia kidato cha nne, najua nini mimi, kesho nitamwambia, au keshokutwa wageni wakiondoka, maana nikimwambia atakuwa na neno lake, na neno lenyewe nalijua, alilikariri vilevile akizunguka kitanda, sitalitaja, nikilitaja litamshika, litaingia ndani kama mgeni aliyekaribishwa... saratani. Haya. Nimelitaja. Mtoto bado mzito mikononi, bado ananyonya kifungo cha blauzi yangu, Injinia bado anatoka jasho. Halijamshika kwa kulitaja. Kama limemshika lilimshika zamani, tukiwa tunacheka, na kila siku ninayolibana ndani ni siku linayopewa, mimi ndiye ninayelipa nafasi, mimi, mama yake... "Eti Kimulimuli kaninunia," anasema Daktari, kainama, kashika kishada cha kofia yake anakichezesha upande wa kushoto wa mtoto, kichwa kimejinasua kwenye mkono wangu, sijui saa ngapi, "we, mwone mama mdogo, angalia, angalia," kishada kinakwenda na kurudi karibu kabisa na shavu na mtoto anatazama kwingine, mjomba anasema kajua huna kazi bado, hakuheshimu, wote wanacheka, Daktari anacheka, anakipitisha kishada mbele mpaka kulia, mtoto anakidaka, Daktari anakirudisha kushoto, kimempotea. Anarudia. Kicheko chake kinakatika katikati. Wengine hawajasikia kimekatika, mimi nimesikia. "Dada," anasema polepole, "hebu mgeuze kidogo." Na mikono yangu inataka kumrudisha kifuani, naisikia inavyotaka, kumfunika, kusema ana usingizi, kusema anataka kunyonya, ziko sababu elfu na zote zingekubaliwa, hakuna anayebishana na mtoto mwenye njaa... na toka chumbani bibi anapiga kelele kwamba nani kahamisha glasi ya meno iliyokuwa mezani, mama anamjibu tunakungoja wewe tu, mpiga picha anainua kamera, anaishusha, anasema mimi niko tayari, semeni tu. Nami nimemgeuza. Nimemkalisha wima pajani, uso kwenye mwanga wa dirisha, nimemsogezea Daktari, naogopa, nasema kwa sauti ndogo la kushoto, tangu anaanza kukaa, picha zote ninazo, na Daktari amevua kofia, amempa Injinia bila kumtazama, kashika kidevu cha mwanangu kwa vidole viwili, kamwinamia karibu kabisa, na mimi simrudishi kifuani.