Mama Mkwe Ndani ya Mashua

Kwa Wakurya, mama mkwe hatazamwi usoni. Mwita alilelewa hivyo kwao Tarime, na hata baada ya miaka minane ya kuendesha basi la wageni wa hoteli mjini Washington, malezi hayo hayakumtoka. Kwa hiyo mama mkwe wake, Mama Adela, alipokuja Adelphi, nje kidogo ya jiji hilo, kumlea mjukuu mchanga, mwezi wa nne mwaka 2006, maisha ndani ya ile fleti ya vyumba viwili yakawa ya kupishana: huyu akiingia sebuleni, yule anatoka. Mama Adela mwenyewe alikuwa Mnyasa wa Lituhi, kando ya Ziwa Nyasa, lakini bintiye Vaileth alikuwa amemweleza mila za mumewe, naye akazishika kuliko mwenye mila. Akiwa na neno la kumwambia mkwewe, alimwambia mtoto aliyembeba.

"Bhoke, mwambie baba yako chai iko mezani."

Jioni moja, akiwa chumbani, Mwita alimsikia akimwambia Vaileth kwamba samaki wa huku wamelazwa kwenye barafu hadi wamesahau kama waliwahi kuogelea. Hakulalamika. Alisema tu, kisha akaomba maharage. Neno lile lilimchoma Mwita. Mama wa watu ameacha ziwa lake na samaki wake mbasa, amepanda ndege tatu, halafu mkwe anashindwa hata kumpatia kitoweo?

Hapo ndipo alipomfuata Solomon, Mkenya waliyefanya naye kazi, mwenye mashua ndogo ya bati. Jumamosi tatu mfululizo waliishusha kwenye mto Potomac, upande wa juu wa maporomoko, na Solomon akamfundisha kumtafuta walleye, samaki mwenye macho makubwa yenye ukungu na nyama nyeupe. Mshipi wa kumvulia ulikuwa na kibati kinachozunguka na kumetameta majini, mbele ya shanga chache nyekundu, kisha ndoana mbili zilizofuatana, zikiwa zimebeba nyambo, mnyoo mzima aliye hai. Chubwi, kile kizito cha kuzamisha mshipi, iliburura chini ya mto huku mashua ikichukuliwa na maji taratibu. Mara zote tatu Mwita alihisi mshipi ukiguswa, akavuta kwa nguvu, akapandisha nusu ya nyambo.

Jumamosi ya nne, alfajiri, Solomon alipiga simu. "Mgongo imekataa kabisa. Lakini boti iko, kuja tu uchukue gari ya kuivuta."

Vaileth hakutaka kusikia habari hiyo. Mume wake hakujua kuogelea, na mtu hawezi kushika usukani, mshipi na wavu kwa mikono miwili. Walikuwa bado wanabishana wakati sauti ilipotoka jikoni.

"Bhoke, mwambie baba yako bibi atakwenda naye."

Mwita alitafuta njia ya kukataa, asiione. Kumkatalia mama mkwe jambo aliloliomba ni utovu wa adabu mkubwa zaidi kuliko kukaa naye.

Safari nzima hawakusemezana. Dukani Mwita alinunua kopo la nyambo na kumkatia mama leseni ya kuvua ya siku chache. Ufukweni ikaja shida ya kupanda mashua. Kumshika mkono hakukuwezekana, akamnyooshea kasia. Mama akalishika, akapanda, akaketi mbele na kumpa mgongo. Mjaluo mmoja aliyekuwa akishusha mashua yake jirani aliwatazama, akatabasamu kama mtu anayeijua mila hiyo.

Mama Adela alichagua nyambo, akamvisha kwenye ndoana bila kukunja uso, akautupa mshipi ubavuni mwa mashua. Mwita naye akatupa wake. Haikuchukua muda akaguswa. Akavuta. Nusu ya nyambo.

Mama Adela alikohoa. Alitazama huku na huku kana kwamba anamtafuta mtu, na Mwita akaelewa: Bhoke hayupo. Hakuna wa kumpitishia neno. Mwishowe mama akauambia mto.

"Wewe maji, mwambie huyo bwana samaki huyu anaonja mkia kwanza."

Mwita aliyasikia maji. Akavisha nyambo mwingine. Baada ya kitambo akaguswa tena, kidogo kama mtu anayevuta upindo wa shati lako. Mkono wake ukaanza kuinuka wenyewe.

"Mwachie," mama alisema, na safari hii hakuuambia mto. Alikuwa amegeuka mzima, macho yake yakiwa kwenye ncha ya fimbo ya kuvulia ya Mwita. "Mwachie, mwanangu. Mfuate. Bado. Sasa."

Mwita akavuta. Fimbo ikapinda, ikabaki imepinda. Samaki alikwenda chini, akaja, akaenda tena, na mama akapita katikati ya mashua kwa magoti, wavu mkononi, bega lake likigonga goti la mkwewe. Alimchota samaki mara moja. Walleye akatua kwenye bati, rangi ya dhahabu iliyochakaa, akipigapiga mkia. Walimpima: amepita kipimo cha sheria kwa vidole vinne.

Ndipo wakagundua kwamba wanatazamana. Mwita alitaka kuinamisha macho, lakini Mama Adela alikuwa anacheka hadi kitenge kinamfunguka, naye akashindwa kujizuia. Mama akamweleza kwamba utotoni alivua juu ya mawe na kaka zake, na kwamba mtu mwenye haraka walimtuma kuokota kuni. Mwita akamwambia kuhusu Jumamosi tatu zilizopita. Hadi saa sita mchana walikuwa na samaki watatu.

Vaileth, akimtembeza mtoto sebuleni, alisikia watu wawili wakipanda ngazi kwa kelele. Mmoja alishikilia kwamba samaki wa namna hii huchemshwa kwa nyanya na ndimu tu. Mwingine alisema, kwa heshima zote, Mama, lakini hapana, huyu ni wa kukaanga. Vaileth akafungua mlango kabla hawajabisha.