Futi Magofuni

Fundi cherehani alikuwa akijipaka mafuta mikononi tangu alfajiri, na bado ncha za vidole vyake zilikuwa ngumu kama kwato. Miaka yote ya kuchomwa sindano haifutwi kwa kopo moja la mafuta. Lakini afanyeje? Mtoto hakuutaka mkono wake, naye alishajihukumu kwamba sababu ni hivyo vidole.

Walikuwa wamevuka mpaka, yeye, mumewe na mama mkwe wake, kuja kumchukua kutoka kituo cha watoto binti mdogo waliyekubaliwa kumwasili. Lugha ilikuwa ileile, lafudhi tu ndiyo iliyopishana kidogo, kwa hiyo hapakuwa na kisingizio cha kutoelewana. Waliruhusiwa kukaa naye kwenye nyumba ya wageni ili wazoeane. Kwa baba, mtoto alikubali kupandishwa mabegani, akatulia huko juu kama malkia. Kwa bibi alipokea pipi. Kwa mama, kila aliponyoshewa mkono, aliificha mikono yake nyuma ya mgongo na kutazama pembeni. Wala hakusema neno lolote kwa mtu yeyote, hata bibi akambandika jina la Bi Kimya.

Kesho yake asubuhi angekuja afisa wa ustawi wa jamii. Huyo alishawaambia bila kuzunguka: asiporidhika kwamba mtoto amemkubali mama, mtoto atarudishwa kituoni, nao watarudi kwao mikono mitupu.

"Kukaa humu ndani mkitazamana hakutasaidia kitu," alisema mama mkwe. "Nasikia kuna magofu hapo nje ya mji. Twendeni tukaone watu wa kale waliishije. Angalau wao hawanuniani."

Basi wakaenda. Baba alimbeba mtoto mabegani tangu kwenye maegesho, na walipofika lango la magofu shingo ikawa imemkaza, hawezi kugeuka kushoto wala kulia. Akamshusha chini. Fundi akaona hiyo ndiyo nafasi yake. Akapangusa kiganja kwenye gauni, akakinyosha, akatabasamu kwa nguvu zake zote. Mikono midogo ikaenda nyuma ya mgongo.

"Mkono mtupu haulambwi," mama mkwe alimnong'oneza. "Mpe pipi."

"Sitaki kumhonga mwanangu, mama."

Ili asilie mbele ya watu akajitia kuangalia majengo. Mji ulikuwa umebaki kuta, matao na mashubaka matupu, na mwongozaji alikuwa akieleza jumba la tajiri fulani ambalo mlango wake ulishaoza zamani, ukabaki uwazi mpana wa mawe. Mazoea yana taabu. Fundi alipoona uwazi ule, mkono wake ukaingia wenyewe kwenye mkoba na kutoka na futi, ule utepe wake wa manjano wa kupimia nguo, ambao hakuwahi kutoka nyumbani bila kuwa nao.

"Msiguse kuta, tafadhali," mwongozaji alisema.

"Sizigusi. Napima hewa."

"Mke wangu," mumewe akacheka, huku akijishika shingo, "unataka kumshonea marehemu pazia?"

Fundi akanyosha futi juu kabisa, na ncha ya pili ikamponyoka, ikaning'inia karibu na ardhi. Kabla hajaivuta, akahisi uzito kidogo. Akaangalia chini. Mtoto alikuwa ameifumbata ncha ile, amesimama wima nyuma yake, uso mbele, kama anayesubiri kuambiwa twende.

Fundi hakuthubutu hata kukohoa. Akapiga hatua. Mtoto akapiga hatua. Wakapita chini ya tao, wakakizunguka kisima kikavu, mama mbele, mtoto nyuma, na futi katikati yao haikulegea. Hapo ndipo alipokumbuka kamba. Siku waliyomfuata mtoto kituoni aliona kamba nene imetundikwa msumarini kando ya mlango, imepigwa mafundo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wakati ule aliwaza tu kwamba aliyeyapiga yale mafundo asingedumu dukani kwake hata siku moja.

Alichuchumaa. "Mwanangu, mbona mkono wangu huutaki?"

Mtoto aliutazama ule mkono, na hakuonyesha kuchukizwa hata kidogo.

"Mkono ni wa wageni," alisema. Sauti yake ilikuwa nzito kuliko walivyotarajia. "Mgeni anakuja, anakushika mkono, mnatembea bustanini. Halafu anaondoka."

"Na ile kamba ya kituoni?"

"Kamba ni yetu, kila mtoto anashika fundo lake. Ya kurudi nayo nyumbani."

Fundi alilia palepale, wala hakujificha. Alilia kwa ajili ya wageni wote waliopita katika bustani ile, na kwa ajili ya mikono yake mwenyewe aliyoisingizia bure. Mtoto alimsubiri amalize. Kisha akawaonyesha baba na bibi kwa kidevu.

"Na wao washike. Asiyeshika anaachwa."

"Hapa haachwi mtu," alisema fundi. "Shikeni!"

Wakashika. Mama mkwe alikamata futi kwa vidole viwili, akajitia kulalamika kwamba umri wake si wa kuburutwa, ila macho yake yalikuwa yamelowa. "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," alisema. "Huyu wetu katufunga sisi." Wakatoka langoni wanne kwa mstari, na watalii wengine wakawapisha.

Kesho yake afisa alikuja mapema. Aliuliza hili na lile, akatazama kitanda, akatazama nguo mpya alizoshona fundi. Mwisho akainama, akamnyoshea mtoto mkono.

"Njoo tuzungumze kidogo nje, mimi na wewe."

Mikono midogo ikaenda nyuma ya mgongo. Mama mkwe akafumba macho. Mtoto akatembea hadi kwenye mkoba uliokuwa kitini, akachomoa futi, akaifumbata ncha moja, na ile nyingine akaitia kwenye kiganja kigumu cha fundi na kukifunga kidole kwa kidole.

"Twende, mama," alisema. "Huyu ni mgeni."