Ua wa Upupu

Mwaka ule Waingereza walipopasua barabara Kibuta, waliipitisha nyuma kabisa ya nyumba ya Mwanamkuu, hata mtu akipiga chafya barabarani angeweza kuombewa dua jikoni. Wengine walishangilia. Mwanamkuu alikuwa na mwali ndani.

Binti yake, Mboni, alikuwa amevunja ungo na kuwekwa ndani tangu mavuno, na mwali haonwi na mwanamume hata kwa bahati mbaya. Kungwi wake alikuwa Biubwa, wifi yake Mwanamkuu, mtu asiyejua masihara. Alikwisha kusema kwamba mwali akionwa, watafute kungwi mwingine wa kumtoa. Zamani mwali aliweza kuota jua uani. Sasa Mboni alishinda chumbani gizani, hali, hasemi, amekonda kama ufito. Mwanamkuu aliogopa hasa. Aliogopa asije akamzika mtoto kwa kumtunza.

Akaamua kujenga ua. Makuti aliyakataa, maana mchwa wa Kibuta huyala kabla hujamaliza kuyafunga. Alisimika fito, akakingamisha nyingine, na chini yake akapanda mbegu za fiwi, maharage yatambaayo, alizoziokota kichakani. Masika yalipoingia, mbegu hazikufanya ajizi. Majani yalipanda yakasongamana, jua likawa linapenya kwa vitone tu. Biubwa akaenda kusimama barabarani, akachungulia huku na huku, akarudi akasema haoni kitu. Kwake yeye hiyo ilikuwa sifa. Mboni akaruhusiwa kukaa uani, na siku hiyohiyo akaomba chakula.

Kisha maua yakatoka, ya zambarau. Maganda yakafuata, yana manyoya. Mkulima mzima, mzaliwa wa Kibuta, alikuwa amepanda upupu! Majirani walicheka mbavu hawana. Biubwa hakucheka. Alisema maganda yakikauka, upepo utammwagia mwali balaa mwili mzima. Basi ufyekwe wote, na Mboni arudi chumbani.

Mwanamkuu hakubisha, wala hakufyeka. Kila alfajiri, umande ukiwa bado umeyalaza yale manyoya, alijipaka majivu mikononi, akayachuma maganda mabichi na kuyafukia. Alijikuna mpaka akatoka damu, na kesho yake akarudi tena.

Biubwa alipoona kimya, akaja na panga lake. Alimkuta Mwanamkuu uani, na Mboni kivulini anasuka ukili, sahani tupu iko pembeni.

"Shikamoo, shangazi," Mboni akasema, kwa sauti ambayo Biubwa hakuwa ameisikia tangu mavuno.

"Marahaba, mwanangu."

Kungwi akaitazama mikono ya wifi yake, ilivyovimba na kuchubuka. Kisha akainua macho kwenye maganda ya juu.

"Na ya kule juu unayachumaje?"

"Siyafikii, wifi. Hayo ndiyo yananinyima usingizi."

Biubwa alikuwa mrefu kuliko wanawake wote wa Kibuta. Akaliegemeza panga ukutani, akaikaza kaniki yake kiunoni.

"Nipe majivu," akasema.