Mfano Umekubaliwa

Barua ya manispaa ilikuwa fupi: mfano umekubaliwa. Binti wa fundi vigae alipiga kigelegele peke yake sebuleni mpaka baba yake, aliyepofuka mwaka juzi, akauliza nani kaolewa.

"Ukuta, baba! Wamenipa ukuta wa zahanati!"

Miezi miwili alivunja vigae na kuvipanga kwenye ndoo, kila rangi na ndoo yake. Angemweka pale marehemu mama yake, mkunga aliyezalisha nusu ya mtaa: uso na mikono, kipande kwa kipande, ili baba amsome kwa vidole. Mzee alikwisha kukiri, kwa aibu, kwamba sura ya mkewe imeanza kumtoroka.

Asubuhi ya kuanza kazi alikuta mafundi wawili wakikaza turubai la plastiki ukutani. Mama yake alikuwa amechapwa juu ya turubai hilo, mkubwa kama nyumba, laini kama sahani. Mashine ilikuwa imeukuza ule mfano, mchoro mdogo aliowapelekea, ikamtia mama na meno yasiyo yake.

Alikimbilia ofisi za manispaa.

"Dada, si tulikuandikia?" afisa utamaduni alisema. "Mfano umekubaliwa. Tulichotaka ni huo mfano. Mashine imemaliza kwa siku moja. Wewe ungeganda pale mpaka watoto wa kliniki waoe!" Alicheka, kisha akamtazama usoni, kicheko kikamfia. "Na jina lako tumeliweka. Pale chini, dogodogo."

"Bosi, nakuomba. Niachieni mikono tu."

"Mkurugenzi kashasaini. Mimi ni nani?"

Alirudi zahanati. Mafundi walikuwa wamekwisha kuondoka. Baba yake alikuwa pale, amejikongoja mwenyewe kwa fimbo asisubiri kuitwa, viganja vyote viwili vikipapasa plastiki.

"Mbona kutupu? Hujaanza?"

Binti aliinamia ndoo alizoziacha pale asubuhi. Alichota gundi, akabandika kigae cha kahawia kwenye kidole cha mama. Kikateleza, kikaanguka. Akabandika kingine, nacho kikaanguka.

"Nini hicho kinavunjika?"

"Ndiyo naanza, baba."

"Haya, nionyeshe alipo."

Alibandika cha tatu, akakikandamiza kwa kiganja chake. Kwa mkono wa pili aliushika mkono wa mzee, akauleta pale, wala binti hakuthubutu kukiachia kigae.