Volti Ishirini za Kumwona Entin

Jumamosi baada ya alasiri, katika kibanda chake cha ufundi mtaa wa Cikapundung, mjini Bandung, Imas alikuwa akihangaika na volti. Sinthesaiza yake ya video, mashine ya kuunda picha kwa umeme, ilitoa volti moja tu. Osiloskopu, kipima-umeme chenye kioo, kuukuu kuliko yeye mwenyewe, ilitaka ishirini kwenye tundu la nyuma, lile linaloamua mwanga wa kioo. Amplifaya ya kukuza volti na kuziba pengo hilo alishaiunda, lakini picha iliwaka kupita kiasi. Lo! Fundi mwenye uzoefu wa miaka kumi na mitano amesahau rezista ya mwisho wa waya. Bila hiyo, volti moja hufika mbili. Akaifunga. Picha ikatulia, ikawa mama yake.

Entin, aliyekufa miaka ishirini na sita iliyopita, alikuwa ameketi na sare ya kiwanda, kijani mwili mzima kwa rangi ya kioo.

"Umekonda," alisema.

"Kazi, Mama. Usiondoke, namwita Pak Undang."

Akampigia simu huku kidole kikiwa kwenye kitufe cha kurekebishia volti, maana amplifaya ilishapata moto na volti zilikuwa zikipanda na kushuka. Zikipungua kidogo tu, mama anakwenda. Kesho yake wastaafu wa kiwanda cha redio wangekutana kuwasomea dua wenzao waliofia kazini. Jina la Entin halijawahi kusomwa, kwa kuwa ripoti ilisema alikufa kwa uzembe wake: alikata waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme ardhini, wa osiloskopu hiyohiyo, umeme ukampiga. Jambo hilo lilimuuma Imas kila siku ya Mungu. Alitaka sahihi moja tu ya kuifuta ripoti.

Pak Undang, mzee aliyekuwa msimamizi wa Entin, alivua viatu mlangoni.

"Entin! Za siku nyingi?"

"Nzuri, Pak. Mbona umezeeka vibaya hivyo?"

"We acha tu. Magoti haya."

Imas alimsogezea karatasi kwa mkono wa pili. "Pak, ule waya alikata nani?"

"Mimi," alisema, bila hata kufikiri. "Nilikata za osiloskopu zote kumi na nne. Zikiwa na ethi, ukipima kifaa chenye umeme wa ukutani fyuzi inaungua, kazi inalala. Kila kiwanda kilifanya hivyo." Machozi yalimtoka, akayafuta kwa kofia.

"Basi tia sahihi."

"Kusema nimesema, mwanangu. Lakini ripoti niliandika mimi. Sasa niandike kwamba niliongopa?"

"Ndiyo! Si uliongopa?" Imas alipiga meza. Picha ikayumba, Entin akajishika kwenye ukingo wa kioo.

"Kidole, Imas," alisema.

Imas akakirudisha kwenye kitufe. Pak Undang aliichukua kalamu iliyokuwa juu ya karatasi. Kisha akaichomeka mfukoni, akamuaga Entin kwa adabu, akavaa viatu vyake.

Jumapili Imas aliipeleka osiloskopu na vifaa vyake ukumbini, akaiwasha. Wastaafu walimjulia hali Entin, wakampisha akae meza ya mbele. Pak Undang akasoma majina tisa. La Entin halikuwemo. Kila jina liliposomwa watu waliinua mikono wakasoma Fatiha, na Entin aliinua yake, akaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote.