Fahali wa Kijivu

Mzee Waitara wa Matongo hakuwa mtu wa kuazimisha ng'ombe, hata wa karatasi. Sampuli ya bango la josho, yenye picha ya fahali wake wa kijivu, alikaa nayo barazani kwangu, nje ya chumba cha chapa, kaikumbatia.

"Itazame hapa hapa, Rukaya. Ndani haiingii."

Nikaitazama, nikarudi ndani kuchanganya wino. Jamani! Kila karatasi niliyomtolea ilikuwa na fahali mwekundu, kama kagaagaa kwenye vumbi la barabara ya Sirari.

"Huyu ni wa nani?" akauliza mzee.

Nilichukia, sifichi. Ushirika ulishasema wazi: mabango haya yakiharibika, mashine yao ya kuchapia inahamishiwa Musoma. Mimi mjane wa mpiga chapa ningebaki na nini, harufu ya wino?

Nikaosha rola. Nikafungua kopo jipya. Nikapunguza wino mwekundu, lakini mle ndani fahali akawa wa buluu, nikaurudisha. Kumtoa nje, mwekundu tena! Hapo hasira ikanitoka, nikabaki na hamu ya kujua. Ng'ombe gani huyu anayebadilika rangi akivuka kizingiti?

"Mzee, mlete wako ndani."

"Ng'ombe wangu haingii boma la mtu."

"Ataingia na mwenyewe."

Akaingia, sampuli kifuani. Alipoifunua mezani akaruka. "Mmemroga! Amekuwa wa buluu!"

Tukainua macho dirishani, wote wawili.

Vioo vilikuwa vimepakwa rangi ya buluu. Wakati wa vita vya Kagera, tulipoambiwa taa zisionekane na ndege za adui, mume wangu Maftah alivipaka kwa mkono wake, kisha akaondoka na mgambo. Vita viliisha, yeye hakurudi. Kila aliyetaka kuvikwangua nilimfukuza, mpaka macho yangu yakaizoea ile buluu, nisiione tena.

"Basi tuchape nje," mzee akasema taratibu.

"Mashine haipiti mlangoni mpaka ifunguliwe vipande vipande, mzee wangu."

Nikachukua wembe. Nililia nikikwangua, kioo baada ya kioo. Kwenye kona ya juu nikabakiza kipande kidogo, pale dole gumba la Maftah lilipoacha alama. Jua likaingia, likamkuta fahali wangu mezani, mwekundu waziwazi. Nikafuta macho, nikapunguza wino.

Mzee aliitazama ile alama ya dole. Kisha akaivua kofia yake, akaisogeza sampuli upande wangu.

"Kaa naye mpaka kesho," akasema, akaondoka mikono mitupu.